Udongo Unaupeleka Wapi? Yaliyonikuta Nikichagua Mtambo wa Kuchimba Bwawa

Mzee aliyekuja kuniangalizia eneo kabla sijakodi chochote alilizunguka lote kimya, mikono mgongoni, kisha akaniuliza swali moja tu: "Udongo unaupeleka wapi?"

Nikanyoosha kidole upande wa magharibi. "Pale, mzee," nikasema, kama mtu aliyeulizwa choo kiko wapi.

Yeye alikuwa ameendesha mitambo zaidi ya nusu ya umri wake kabla ya kustaafu. Mimi nilikuwa nimetazama video nyingi na nilijiona nimeiva. Aliitazama ile "pale" yangu kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sikumwita tena mpaka mambo yaliponiharibikia.

Swali lile ndilo lingenichagulia mtambo. Mimi nikachagua kwa kuangalia shimo: litakuwa refu kiasi gani, pana kiasi gani, lina kina gani. Karibu kila ninayemsikia akiulizia mtambo wa kuchimba bwawa huanza hapo hapo nilipoanzia mimi, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Bwawa nililolitaka lilikuwa la mita 30 kwa 20, kina cha mita 2. Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa ya darasani: 30 mara 20 mara 2, mita za ujazo 1,200. Lakini bwawa si sanduku. Kuta zikisimama wima, maji yatazila na zitaporomoka, kwa hiyo kingo hulazwa. Mimi nilizilaza mita 2 kwenda ndani kwa kila mita 1 ya kushuka, na sakafu ikabaki mita 22 kwa 12. Kupata ujazo wa shimo la namna hiyo unachukua eneo la juu, ambalo kwangu ni 600, unaongeza eneo la sakafu, 264, unaongeza mara nne ya eneo la pale katikati ya kina, ambalo ni 26 kwa 16, yaani 416. Jumla yake unaigawa kwa 6, kisha unazidisha kwa kina. Nikapata mita za ujazo 843. Nilifurahi kama niliyesamehewa deni, maana karibu theluthi ya kazi ilikuwa imeyeyuka kwenye karatasi.

Nilichosahau ni kwamba udongo ukishachimbuliwa huvimba. Ukiwa ardhini umeshikana. Ukitolewa unaingiwa na hewa, na mita moja ya shimo haiwi tena mita moja ya lundo. Udongo wa kawaida huongezeka kama robo, na mfinyanzi mzito unaweza kupita hapo. Weka robo tu: zile 843 zinakuwa kama 1,050. Ukiutandaza udongo huo kwa unene wa sentimita 30 utafunika mita za mraba 3,500, karibu mara sita ya bwawa lenyewe. Ile "pale" niliyomwonyesha mzee ilikuwa na mita za mraba kama 400. Ningeumwaga wote pale ningepata kilima chenye urefu wa kumzidi mtu, tena kama ningeweza kukijenga kama boksi, jambo ambalo udongo haukubali.

Haya yote niliyahesabu baadaye. Wakati ule nilikuwa nimeshika 843 na roho yangu iko kwatu.

Mtambo wa kwanza niliokodi ulikuwa beko, ile mashine inayofanana na trekta, yenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: inafanya yote. Nyuma inachimba, mbele inazoa na kusukuma, inakuja yenyewe barabarani bila trela. Na kweli, kwa mtaro wa bomba, msingi wa nyumba, au shimo la choo, sijaona mashine yenye adabu kama hiyo. Mkono wake unafika kina cha mita 4 na zaidi, na mimi nilitaka 2 tu. Kwenye karatasi ilikuwa imefaulu mtihani.

Siku ya kwanza nilikaa juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa nikitazama, na kwa kukosa kazi nikaanza kuhesabu. Katika saa moja opereta alichota mara 96. Ndoo ya nyuma ya mashine ile ilibeba kama mita za ujazo 0.2, kwa hiyo saa nzima ilitoa kama 19 za udongo uliovimba, sawa na 15 hivi za shimo. Gawa 843 kwa 15. Saa 56. Siku saba za kazi ya saa nane, bila kuharibika, bila mvua, bila opereta kwenda kuongea na simu nyuma ya mti. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Uvivu wa opereta haukuwa na nafasi katika hesabu ile; kijana yule alikuwa mchapakazi. Tatizo ni kwamba beko ikichimba inasimama kwa miguu yake miwili ya pembeni. Kila ikimaliza kipande inainua miguu, inasogea, inashusha tena. Halafu mkono wake haugeuki mzunguko mzima, unaishia kushoto na kulia, kwa hiyo udongo unamwagwa karibu na pale ulipotoka. Kila baada ya muda opereta aliacha kuchimba, akageuza kiti, akaanza kuusukuma kwa ndoo ya mbele udongo aliokwisha kuutoa. Yaani udongo ule ule nilikuwa nalipia mara mbili. Wakati mwingine mara tatu, kwa sababu lundo lilikuwa likimzibia njia ya kupita.

Siku ya tatu asubuhi alishuka ndani ya shimo ili afikie katikati. Usiku uliotangulia kulikuwa na manyunyu tu, mvua ya kulowesha vumbi. Juu palionekana pakavu. Lakini chini, ambako udongo wa juu ulikuwa umeshaondolewa, mfinyanzi ulikuwa umenyonya, na ukishanyonya unakuwa kama sabuni. Nilisikia mlio wa injini ukibadilika kabla sijaona kitu. Gurudumu la nyuma kulia likazunguka bure, likang'arisha udongo, likazama kwa upole kabisa kama mtu anayekaa kwenye kiti. Opereta akaongeza moto. Likazama hadi ekseli.

Mashine yenye uzito wa tani 8 ikizama haitolewi kwa kusukumwa na majirani. Opereta alijaribu kwa mkono wa nyuma: anaikita ndoo kwenye udongo mgumu, anajiinua, anajisukuma sentimita chache, anakita tena. Njia hiyo inafanya kazi, na alikuwa anaijua. Saa mbili baadaye alikuwa amesogea kama hatua sita, kisha mpira mmoja wa haidroliki ukapasuka, mafuta yakaruka, na sakafu ya bwawa langu la baadaye ikapata doa jeusi la ukubwa wa mkeka. Udongo ule ulikuja kukombwa wote na kutupwa mbali na eneo.

Kuna jambo dogo la historia lililonichekesha nilipolijua, ingawa siku ile sikuwa na hamu ya kucheka. Cheni za katapila zilistawi kwa sababu ya kisa kama changu. Karibu na Stockton, California, mashamba yalikuwa na udongo laini uliokuwa ukimeza matrekta ya mvuke. Waliongeza upana wa magurudumu mpaka mashine zikawa za ajabu, na bado zilizama. Mwaka 1904 Benjamin Holt akaondoa magurudumu ya nyuma kwenye trekta moja, akaweka cheni, na likapita. Jina Caterpillar maana yake ni kiwavi, kwa jinsi mashine ile ilivyotambaa; mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ya C. L. Best, jina likabaki, na leo sisi kitu chochote chenye cheni tunakiita katapila hata kiwe cha kampuni gani. Zaidi ya miaka mia baadaye, mimi nikaingiza matairi kwenye mfinyanzi uliolowa.

Hesabu yake ni rahisi kuiona. Ekskaveta, ile mashine ya cheni yenye mkono mrefu wa kuchimbia inayogeuka mzunguko mzima, ikiwa ya tani 20 imelalia cheni mbili, kila moja ikigusa ardhi kwa urefu wa kama mita 3.7 na upana wa sentimita 60. Hizo ni mita za mraba 4.4 hivi. Gawa kilo 20,000 kwa eneo hilo, unapata chini ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, uzito unaokaribiana na wa mtu anayetembea akiwa amesimamia mguu mmoja. Beko yenye uzito usiofika nusu ya huo inausimamisha juu ya matairi manne, na sehemu kubwa iko nyuma. Ndiyo maana kubwa inapita na ndogo inazama. Nilikuwa nimeiogopa ekskaveta kubwa kwa kudhani ni nzito mno kwa eneo langu.

Mkataba nao ulinifunza. Nilikuwa nimekodi kwa siku, nikadhani siku ni siku. Kumbe saa ambazo mashine imezama ni zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ardhi ni ngumu. Saa za kusubiri mpira wa haidroliki zilikuwa za mwenye mashine, lakini hilo lilipatikana baada ya maneno mengi, kwa sababu hatukuwa tumeliandika. Mashine nyingi zina mita ya saa kwenye dashibodi. Tangu siku ile nina desturi: asubuhi kabla injini haijawashwa naipiga picha mita, jioni injini ikizimwa naipiga tena, na opereta ananiona nikipiga. Sijawahi kugombana tena. Vingine vya kuuliza mapema ni kama bei ni pamoja na dizeli au bila, nani analipia trela la kuleta na kurudisha, kuna idadi ya chini ya saa za kulipia, na mvua ikinyesha inakuwaje. Kwenye kazi ndogo, trela la kuleta na kurudisha linaweza kuuma kuliko kuchimba kwenyewe.

Beko ilipoondoka niliingiwa na wazo la kununua ekskaveta ndogo, zile za tani moja na nusu au mbili zenye mikanda ya mpira. Zinapendeza. Zinaonekana kama kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukijifunza Jumamosi moja, na ndivyo ilivyo. Nikajiambia nitachimba taratibu, jioni jioni, bila presha ya mita ya saa. Kisha nikaangalia ndoo yake: mita za ujazo 0.04, yaani lita 40, mbili za zile ndoo tunazochotea maji nyumbani. Zile 1,050 gawa kwa 0.04, ni zaidi ya mara 26,000 za kuchota. Hata ukichota mara mbili na nusu kwa dakika bila kupumzika, ni kama saa 175, na bado udongo uko ukingoni. Tena kile kina kinachoandikwa kwenye karatasi ya mashine ni pale mkono unaponyooka kwenda chini kabisa, sehemu moja. Mashine iliyoandikwa mita 2.2 itakusumbua ukiitaka ikupe sakafu tambarare ya mita 2.

Sisemi ni mbaya. Kwa kidimbwi cha bustani, au pale ambapo geti ni jembamba na hakuna kingine kitakachopita, hiyo ndiyo mashine. Ya tani 5 ni kitu kingine kabisa, ndoo yake ni kama mara nne, na mtu mwenye subira anaweza kumaliza nayo bwawa la wastani.

Nilikwenda hata kuangalia moja iliyotumika. Hapo ndipo nilipomrudia mzee, nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Beko imekuzamia?" Nikasema ndiyo. "Twende tukaione hiyo yako."

Muuzaji alikuwa ameipaka rangi mpya, na ilikuwa inanguruma tulipofika. Mzee akagusa kifuniko cha injini kwa kiganja, akaniambia pembeni, "Ameshaipasha moto. Mashine ya kununua unaikuta baridi." Hakushughulika na rangi. Alimwambia opereta ainue mkono, aunyooshe, azime, kisha tukasimama tu tunatazama. Baada ya dakika kadhaa ndoo ilikuwa imeshuka kama urefu wa kiganja, bila mtu kugusa kitu. Kisha akaagiza ndoo ikandamizwe chini mpaka sehemu ya mbele ya cheni inyanyuke, halafu iachiwe, halafu inyanyuliwe tena, na yeye amechuchumaa akitazama pale ambapo kibanda cha dereva kinakutana na sehemu ya chini. Akaniita. Kulikuwa na nafasi inayofunguka na kufunga kama mdomo. "Hii ni ile bereingi kubwa inayozungushia mashine," akasema. "Ukiinunua hii, umenunua hiyo bereingi, halafu mashine umepewa nyongeza."

Kwenye ekskaveta sehemu za chini, yaani cheni, roli na gia zake, zinaweza kula karibu nusu ya fedha za matengenezo katika maisha ya mashine. Mtu anayenunua kwa kuangalia injini tu amekagua nusu. Mimi sikununua.

Ekskaveta ya tani 20 ilikuja juu ya trela, na hapo tena nikaona mambo ambayo mtu hayafikirii akiwa ameinamia karatasi. Mashine ina upana wa karibu mita 3, na ikiwa juu ya trela kimo chote kinafika mita 4 hivi. Kabla haijaja mzee aliniagiza nitembee njia nzima kwa miguu, kutoka barabara kubwa hadi shimoni, nikitazama juu badala ya chini: waya za umeme, matawi. Halafu nirudi nikitazama chini: kalvati, mabomba ya maji, kona ambazo trela refu halitakata. Mabomba niliyapata mawili. Moja sikulijua kabisa. Lilionyeshwa na mtu aliyelitandika.

Opereta alipotaka kuanza kuchimba ukingoni, mzee alimzuia. Ekskaveta haifuati shimo, alisema, inalikimbia. Inasimama juu ya ardhi ambayo haijachimbwa, inachota mbele yake, inarudi nyuma, inachota tena, mpaka inatokea upande wa pili na shimo liko mbele yake lote. Ikifanya hivyo haikanyagi sakafu iliyokwisha kulainishwa na wala haihitaji kutafuta njia ya kutokea. Upana wa mita 20 ulikuwa mkubwa mno kwa mkono wake unaofika kama mita 9 hadi 10, kwa hiyo tuligawa bwawa kwa urefu, vipande viwili, kila kimoja kikimwagwa upande wake.

Nikahesabu tena, nimekaa kwenye ndoo yangu ile ile. Mara mbili kwa dakika, ndoo ya mita za ujazo 0.9, ukiondoa dakika za kusogea. Kama 70 za shimo kwa saa. Beko ilikuwa imeshatoa kama 200. Zilizobaki ekskaveta ilizimaliza kwa siku moja na asubuhi ya pili. Kwa saa ilikuwa ghali zaidi ya beko, ndiyo. Kwa kila mita ya udongo uliotoka ilikuwa nafuu sana, na hicho ndicho kipimo nilichopaswa kukitumia tangu siku ya kwanza. Kingo ilizilaza mwishoni kwa kubadilisha ndoo, ikavaa ile pana isiyo na meno, na opereta akazipitisha kama mtu anayepaka siagi. Ulizeni kama hiyo ndoo ya pili inakuja na mashine. Yenye meno huacha mifereji, na mvua ya kwanza inaigeuza mifereji kuwa makorongo.

Halafu ekskaveta ikaondoka, na mimi nikabaki na kuta mbili za udongo kushoto na kulia kwa bwawa, kila moja ikinizidi kimo.

"Pale" yangu ilikuwa bado inanisubiri, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuufikisha udongo huko. Ekskaveta ni bingwa wa kutoa, lakini haibebi. Mkono wake ukiishia mita 9, safari ya udongo imeishia hapo. Nilijiambia nitatafuta tipa wiki ijayo. Wiki ijayo ikanyesha. Lundo la upande wa kaskazini lilikuwa limekaa hatua mbili tu kutoka ukingoni, na asubuhi nikakuta ufa mrefu kwenye nyasi, sambamba na bwawa, mpana wa kuingiza vidole. Jioni kipande cha kama mita 7 kilikuwa kimeteleza ndani, na sehemu ya lundo ikakifuata. Udongo nilioutoa kwa fedha ukarudi bure.

Mzee alikuja akasimama juu ya ule ufa. Alisema, "Sasa nakuuliza tena, mdogo wangu."

Safari hii tulikaa tukahesabu udongo kabla ya kutaja mashine. Kama tungeupeleka nje ya eneo, kwa tipa za mita za ujazo 10 zingekuwa safari zaidi ya 100, na ekskaveta ingetakiwa kuwepo kuzipakia. Hiyo ingefaa kama tungeipanga siku ile ile ya kuchimba, udongo ukitoka shimoni unaingia kwenye tipa bila kugusa ardhi. Tulikuwa tumeshachelewa. Lakini upande wa chini wa bwawa kulikuwa na mteremko ambao mimi niliuona kama kasoro, na yeye aliuona kama mahali pa kuweka udongo. Kutoka kwenye malundo hadi pale hapakuzidi mita 50. Kwa umbali huo, wa kusukuma udongo bila kuupakia, akasema, hakuna kinachoishinda buldoza.

Ikaja buldoza yenye cheni pana. Kwanza ilikwangua udongo wa juu wenye mizizi pale mteremkoni na kuuweka kando, kwa sababu tuta lililokaa juu ya majani na mizizi linavujia miguuni. Udongo huo mweusi ulirudishwa mwishoni juu ya sehemu zote zilizobaki uchi. Kisha ikaanza kusukuma malundo kwenda chini, safari moja ikifuata mkondo wa iliyotangulia ili udongo usimwagikie pembeni mwa blade, lile bamba lake la mbele la kusukumia. Kazi ya siku mbili kasoro.

Hapo ningekuwa nimemaliza, kama sikuwa nimechimba mashimo yangu ya majaribio kwa uvivu. Mwanzoni kabisa nilichimba matatu kwa jembe na koleo, kina cha mita 1, nikakuta mfinyanzi mzuri unaofinyangika kama udongo wa mfinyanzi halisi: ukiuviringisha unakuwa kamba, ukiibana kamba kati ya kidole gumba na cha shahada inatoka utepe mrefu usiokatika. Nikaridhika. Bwawa lina mita 2, mimi nimepima 1. Kwenye mita 1.6 ulipita mkanda wa mchanga, unene wa kiganja, upande mmoja wa ukuta. Ekskaveta iliukata na hakuna aliyeshtuka. Tulipojaza maji kidogo kujaribu, yalipanda hadi kwenye mkanda ule yakagoma. Yalikuwa yanaingia na kutoka kwa adabu.

Mashimo ya majaribio yanatakiwa yapite sakafu ya bwawa kwa angalau nusu mita, na hapo ndipo ile beko niliyoisimanga ingekuwa na heshima yake. Saa mbili za beko, mashimo manne au matano ya mita 3, unayajaza maji jioni na kuyatazama asubuhi. Ningejua kila kitu.

Nilifikiri buldoza ingeziba mchanga kwa kupita juu yake mara nyingi. Tani 20 zikipita mara kumi si zitashindilia? Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Cheni zimetengenezwa ili zisizame, yaani zisiukandamize udongo. Utazitakaje sasa zifanye kinyume? Mfinyanzi unataka rola yenye vinundu, ile inayoacha alama kama kwato za kondoo, kwa sababu kila kinundu kinakanda udongo kuanzia chini kupanda juu. Tulichimba mkanda ule wa mchanga kuingia ukutani karibu mita moja, tukajaza mfinyanzi kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likiwa na unyevu wa kutosha kufinyangika lakini si wa kunata viatuni, na rola ikapita mpaka ikaanza "kutembea juu", yaani vinundu havizami tena. Hiyo ndiyo alama yao kwamba tabaka limeiva. Upande ulioteleza nao tulijaza hivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko zote, nami ndiye niliyekuwa na mpira wa maji nikinyunyizia.

Nikijumlisha, niliingiza mitambo minne: beko, ekskaveta, buldoza, rola. Ningeanza leo ningetaka beko kwa asubuhi moja tu ya mashimo ya majaribio, kisha ekskaveta na buldoza zifanye kazi kwa pamoja, moja ikitoa na nyingine ikiondoa, na rola iwe imeshapangwa hata kama nitaambiwa udongo ni mzuri. Mwenye eneo tambarare lisilo na mteremko wa kumwagia, badala ya buldoza atafute tipa. Mwenye bwawa pana lenye kina kifupi, mahali pakavu, anaweza kuiacha ekskaveta kabisa na kuchimba kwa buldoza peke yake. Na anayetaka kujenga tuta la kuzuia maji ya mto au korongo, huyo kabla ya mtambo wowote amwone mhandisi na mamlaka ya maji ya kwao. Tuta likipasuka haliulizi nani anaishi chini yake.

Maji yamekaa sasa. Mvua mbili kubwa zimepita, na yameshuka kwa vidole vichache tu wakati wa jua kali.

Buldoza ilipoondoka ilibakiza lundo moja upande wa magharibi, pale pale penye "pale" yangu, kama tipa nane hivi. Opereta aliniuliza kama aongeze saa mbili alimalize, nikasema hapana, hilo dogo nitaliondoa mwenyewe. Toroli langu linabeba lita 80. Hesabu yake ni safari 1,000. Natoa 20 kila Jumamosi, na juzi nimefika 340.